Shangazi Monika Hajarudi Kutoka Bwegera

Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wakianikwa mchangani na jua likawashika vizuri, hutoa harufu ambayo mgeni huizibia pua na mtu wa Uvira humeza mate. Ni harufu nzito, yenye mafuta, inayoingia kwenye nywele na kubaki kwenye nguo hata zikifuliwa. Majuzi nilipita ufukweni nikiwa na shughuli zangu, wingu likatokea upande wa Burundi, na wanawake wote wakainama kwa pamoja kukusanya samaki wao kabla ya mvua. Nilisimama pale, bibi mzima mwenye mvi, nikajikuta nawapitia kwa macho mmoja mmoja, migongo yao yote, nikitafuta mgongo mmoja ninaoujua.

Shangazi Monika alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Alizaliwa kiziwi na hakuwahi kusema neno. Mtaani walimwita bubu, lakini nyumbani kwetu neno hilo lilikatazwa, na mtoto aliyelileta kutoka nje alilala bila mboga. Aliishi nasi. Nkambo, yaani bibi yangu aliyemzaa yeye na baba, hakutaka kumwoza kwa mtu ambaye hangejifunza mikono yake, na mtu huyo hakutokea. Basi shangazi alianika ndagala, alisuka mikeka, na alinilea mimi, kwa sababu mama alikuwa shambani toka asubuhi na wadogo zangu walikuwa bado mgongoni.

Mikono yake ilikuwa lugha kamili. Baba na yeye waliitunga wakiwa wadogo, na kila mtu wa nyumbani alikuwa na jina lake humo. Nkambo alikuwa kuvuta ncha ya sikio, maana masikio yake yalikuwa marefu. Baba alikuwa kupiga ngumi juu ya kiganja, kama nyundo, kwa kuwa alikuwa fundi wa mitumbwi. Mimi nilikuwa kubana pua, na sina haja ya kueleza sababu. Nilikuwa mtoto wa makamasi. Na yeye mwenyewe alikuwa kupitisha kidole kwenye nyusi ya kushoto, mahali alipokuwa na kovu tangu alipoanguka kwenye kinu. Kidole kikipita pale, ndiyo Monika.

Sasa nitawaambia nilichoamini. Niliamini kwamba shangazi anasikia. Niliona anageuka nikiingia mlangoni, sikujua kwamba alihisi miguu yangu kwenye sakafu ya udongo. Niliona anatabasamu nikimsemesha, sikujua kwamba alikuwa anatazama mdomo wangu wenye mapengo. Nikajiambia kwamba anasikia kila kitu ila ameamua kutojibu, kama watu wakubwa wanavyoamua mambo mengi bila kueleza. Kwa hiyo yeye ndiye niliyemwambia siri zangu. Nilimpandia mgongoni, nikaweka mdomo kwenye sikio lake, nikamwambia ni nani aliyenipiga na ni nani niliyempiga. Hakumwambia mtu. Sikuwa na rafiki mwaminifu kuliko yeye.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka majira ya pamba katika bonde la Ruzizi, malori yakipita yamejaa magunia hadi angani, watu wamekaa juu yake wakishikana mikono. Ilikuwa majira hayo. Wanawake wa mtaa wetu walizoea kupanda kwenda soko la Bwegera na ndagala wakavu, wakarudi na mchele. Shangazi alikuwa amekwenda nao mara nyingi. Asubuhi ile alijitwisha kikapu chake, akafunga kitenge cha buluu, akanibana pua na kuondoka. Siku hiyo ilikuwa kama siku nyingine.

Kwetu jua linaondoka mapema, linajificha nyuma ya milima wakati ziwa bado linang'aa. Lori lilirudi saa hiyo. Nkambo alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Wanawake walishuka wakisaidiana mizigo, wakicheka jambo fulani, na kicheko kikafa polepole walipoona nkambo anatazama nyuma yao.

"Monika iko wapi?" nkambo aliuliza.

Mama Felista, jirani yetu, akamgeukia mwenzake. "Si alikuwa na weye kule nyuma?"

"Na minye? Minye nilimuona anakamata kikapu chake, anakufuata weye!"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Kulikuwa na malori mengi, kulikuwa na vumbi, dereva alikuwa anapiga honi, kila mmoja alifikiri Monika amekaa kwa mwenzake. Nkambo aliwaacha mpaka wakanyamaza.

"Muliondoka na mutoto wangu," akasema. "Mumerudi na muchele."

Mama Felista akaketi chini palepale, juu ya gunia lake, akaanza kulia.

Baba aliondoka alfajiri pamoja na wanaume wawili wa kazini kwake. Walipofika Bwegera, alinieleza nilipokuwa mkubwa, alizunguka soko tupu na mashamba ya mpunga akipiga kelele, "Monika! Monika ee!" mpaka sauti ikakauka. Ndipo mmoja wa wenzake akamshika bega. Baba akakumbuka. Tangu utotoni hakuwahi kumwita dada yake kwa mdomo, na siku aliyomhitaji kuliko zote alimwita kwa mdomo.

Walirudi na habari nyingi, na hakuna hata moja iliyokubaliana na nyingine. Mtu alimwona ameketi kando ya ghala la pamba. Mwingine alimwona anapanda lori, lakini lori lile lilielekea Bukavu, siyo Uvira. Mwanamke mmoja aliapa kwamba alimwona akishuka na wengine kwenda mto Ruzizi, kuvuka kwenda upande wa Burundi. Na alikuwapo yule asiyekosekana, aliyesema kwa sauti ya chini habari za mamba.

Nkambo alifunga kitambaa kichwani akaenda ofisi ya serikali, na mimi nikaenda naye kwa sababu nilikuwa nimeshika kitenge chake na hakuna aliyenibandua. Karani alikuwa kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi vizuri sana.

"Jina?"

"Monika."

"Akiitwa, anaitika?"

"Hasikii."

Karani akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha huruma, na huruma yake ndiyo iliyomuudhi nkambo. "Mama, muntu hasikii, hasemi, buku yake ya kitambulisho ameacha nyumbani. Bantu batamujua namna gani? Rudi, ungoje. Akionekana, tutakuita."

"Batamujua minye nikibaonyesha," nkambo akasema. "Na hapa sikukuja kungoja." Akanyoosha kidole, akakipitisha kwenye nyusi yake ya kushoto. "Fanya."

"Mama..."

"Fanya, mwanangu."

Karani akatazama mlango, akatazama dirisha, kisha akapitisha kidole kwenye nyusi yake.

"Iko polepole mno. Kama unafuta jasho. Rudia."

Akarudia. Tulipotoka nje nkambo alisimama kwenye jua. "Yeye hasikii," akaniambia, kana kwamba nilikuwa mtu mzima mwenzake. "Basi ataitwa na mikono. Lakini mikono yetu ya nyumbani haitoshi barabara yote. Adela, tutafundisha bantu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Siku za soko tulipanda lori juu ya magunia, nkambo na magoti yake mabovu, akivutwa kutoka juu na kusukumwa kutoka chini, huku akiwaambia vijana waliomsukuma kwamba yeye si debe la mawese. Tulikwenda Sange, tulikwenda Kiringye, tulikwenda Luvungi na Bwegera yenyewe. Sokoni alitafuta mahali penye watu wengi, karibu na wauza mihogo au mahali pombe inapouzwa, akapiga makofi mpaka watu wakageuka.

"Minye ni mama wa Uvira," alisema. "Mutoto wangu amepotea. Ni mwanamuke mukubwa, hasikii, hasemi, lakini jina iko nalo. Nitabafundisha jina yake."

Kisha alinitoa mbele. Yeye alijifanya mtu wa barabarani. Mimi nilikuwa Shangazi Monika. Nkambo alipitisha kidole kwenye nyusi. Mimi nilifungua macho, nikapiga kifua kwa kiganja, nikapitisha kidole kwenye nyusi yangu, kisha nikavuta sikio, maana yake mama, na nikakutanisha viganja juu ya kichwa kama paa, maana yake nyumbani.

"Akijibu hivi, ni yeye," nkambo alimalizia. "Mumukamate mukono, mumupe chakula, mutume habari Uvira, kwa Silvesta, fundi wa mitumbwi. Sasa tufanye wote."

Wengine walifanya. Wengine walicheka. Kule Kiringye kijana mmoja aliyelewa alianza kupitisha vidole vyote kwenye uso wake kama nzi anayejisafisha, na wenzake wakaanguka kwa kicheko. Nkambo akapenya katikati ya watu mpaka akasimama mbele yake. Alikuwa mfupi, ilibidi atazame juu.

"Vizuri," akamwambia. "Mikono yako iko na nguvu. Sasa fanya na kidole kimoja."

Kijana akaendelea kucheka kidogo. Nkambo akangoja. Watu nao wakangoja. Mwishowe kijana akainua kidole kimoja, akakipitisha kwenye nyusi, taratibu, na sikuona tena kicheko usoni mwake.

"Umemujua sasa," nkambo akasema. "Ukimuona, huwezi kusema hukumujua."

Mimi nilipenda kazi ile, sitaficha. Nilipenda kusimama katikati ya watu na kunyamaziwa. Nilifikiri shangazi amejificha mahali, nyuma ya magunia au kwenye mlango wa nyumba fulani, anatutazama na kupima kama tumeijua lugha yake vya kutosha. Kwa hiyo kila soko nilijitahidi kuliko soko lililopita. Nilipokosea, niliogopa kwamba kwa sababu ya kosa lile hatatoka. Na njiani, lori likipita kwenye mashamba ya pamba, niliita jina lake kwa sauti ndogo, bila nkambo kujua. Nilijua kwamba watu wengine hakuwajibu, lakini mimi angenijibu.

Mvua za kwanza ziliponyesha wazee wa ukoo walikuja nyumbani na katekista. Waliketi kwa adabu, wakanywa, wakakohoa. Mkubwa wao akaanza kwa mbali, akasifu moyo wa nkambo, kisha akafika mahali alipokuwa anakwenda: watu wanasema, nyumba haitulii, afadhali tukae matanga siku chache, tumlie Monika, tumwombee, tumalize.

"Munataka kumaliza nini?" nkambo akauliza.

"Kilio, dada. Kilio."

"Kilio cha nani? Mumeleta maiti? Muko nayo inje?" Akachungulia mlangoni kwa kweli, kana kwamba huenda wameiacha uani. "Minye nimezika bwana na batoto. Kulia ninajua. Siku mutaniletea mutoto wangu amekufa, nitalia mpaka mutaziba masikio. Leo hapana."

"Mama," baba akasema polepole, na nilijua kwamba alikuwa upande wao. Tangu safari ile ya Bwegera baba alikuwa amebadilika. Mtu ambaye hakuweza kuomba chumvi bila kuonyesha kwa vidole alianza kutembea na mikono mifukoni. Hata wakati wa kula, mkono mmoja ulibaki umefichwa. "Mama, magoti yako. Barabara. Mpaka lini?"

Nkambo hakumjibu kwa mdomo. Alimtazama mwanawe, akavuta ncha ya sikio lake, akapitisha kidole kwenye nyusi, kisha vidole viwili vikatembea juu ya kiganja. Mama, Monika, kwenda. Wazee hawakuelewa. Baba alielewa. Kisha mkono wake wa kulia ukatoka mfukoni, na vidole viwili vikatembea juu ya goti lake. Nkambo akawapakulia wageni ugali na samaki, wakala, wakaenda zao.

Haikupita muda mrefu dereva wa lori la pamba alisimama mbele ya mahali pa kazi pa baba bila kuzima injini. "Fundi! Kuko mwanamuke Bwegera, kwa Baltazari mulimaji wa mupunga. Hasikii, hasemi. Banasema ni wenu!"

Sikumbuki jinsi tulivyofika. Nakumbuka kwamba nkambo alikuwa amebeba kitenge kipya na mafuta ya mawese ya kupaka, na kwamba baba alimbeba mgongoni kutoka barabarani mpaka kwenye nyumba ile, kwa kuwa njia za mashamba ya mpunga zilikuwa tope tupu na yeye hakutaka kwenda polepole. Baltazari na mkewe Anastaziya walitupokea nje. Walikuwa Warundi, Wakatoliki kama sisi, na nyumba yao ilikuwa na usafi wa watu wanaongoja wageni.

"Mama, tulisikia habari yenu mu soko," Anastaziya akasema. "Tukaona mikono yake inasema. Tukajua ni yeye. Iko ndani, anapepeta muchele."

Nkambo aliingia wa kwanza.

Mwanamke aliyekuwa ameketi na ungo alikuwa mdogo kuliko shangazi. Shingo yake ilikuwa ndefu. Nyusi zake zote mbili zilikuwa nzima. Nkambo aliona hivyo kama tulivyoona sisi, lakini aliketi mbele yake hata hivyo, akapitisha kidole kwenye nyusi. Mwanamke akamtazama. Kisha akainua kidole chake, akakipitisha kwenye nyusi yake, akatabasamu kwa kutaka kupendeza. Hakuwa anajibu. Alikuwa anaiga tu, kama mtoto anayefundishwa.

Wakati huohuo mtoto wa nyumba ile, akileta sinia la chakula, alijikwaa kizingitini. Sinia la bati likagonga jiwe nyuma kabisa ya mgongo wa yule mwanamke. Mimi niliruka. Baba aliruka. Kuku walikimbia nje. Mwanamke hata hakupepesa macho. Aliendelea kutabasamu akimtazama nkambo.

Pale ndipo nilipojua. Nilimwendea kwa nyuma, nikaweka mdomo kwenye sikio lake kama nilivyozoea, nikasema jina langu. Hakuna kitu. Nikasema kwa nguvu. Alihisi pumzi yangu, akageuka kwa mshangao, akanishika shavu. Nikatoka nje nikaketi kwenye tope. Siri zangu zote shangazi hakuwahi kuzisikia. Na kule kuita kwangu kote juu ya magunia, katika mashamba yale marefu, kuliishia kwenye pamba. Nililia kwa kelele, na watu wakadhani nalia kwa sababu si yeye.

Niliporudi ndani Anastaziya alikuwa ameshika mikono ya nkambo. "Mutusamehe, mama. Tumekuletea uchungu."

"Nikusamehe nini? Ulimupa chakula. Ulimulaza." Nkambo naye akaishika mikono ya mwenyeji wake. "Kama Monika iko mu nyumba ya muntu, iwe nyumba kama hii."

Baba alikuwa amesimama karibu na mlango. "Tuende, mama. Uyu si wetu."

"Iko wa muntu," nkambo akasema. Akavua khanga yake ya juu, akaiweka pembeni, kama mtu anayeanza kazi. "Kuko mama mahali, anatafuta uyu. Anazunguka masoko kama minye. Keti, Silvesta. Weye ndiyo unajua mikono. Muulize anatoka wapi."

Baba akaketi. Nilimwona akitoa mikono yote miwili. Mwanzoni ilikwenda vibaya, maana lugha ya mwanamke yule haikuwa ya nyumbani kwetu. Aliitunga na watu wake, mahali pengine. Lakini baba alikuwa amefanya kazi hii tangu utotoni. Alionyesha, akangoja, akaonyesha tena kwa namna nyingine. Akachora ziwa kwa mawimbi ya vidole. Mwanamke akatikisa kichwa. Akaonyesha mpunga, akatikisa kichwa tena. Kisha mwanamke mwenyewe akaanza. Akajikumbatia akitetemeka kwa baridi. Akaelekeza mkono juu, juu zaidi, kupita paa. Akaonyesha kitu kirefu chenye vifundo, akakipasua katikati kwa kisu asichokuwa nacho.

"Muanzi," Baltazari akasema kutoka nyuma. "Iko anapasua muanzi. Uyu ni wa mulimani."

Mwisho akainama, akashika fimbo ya hewani, akatembea hatua chache za mtu mzee, akapiga kifua chake. Hilo halikuhitaji mfasiri. Nkambo alikuwa ameshafunika uso kwa viganja.

Tulilala kwa Baltazari mpaka siku ya soko, wakati watu wa milimani wanaposhuka na maharage na vikapu vya mianzi. Nkambo hakupiga makofi siku ile. Alimshika mwanamke mkono, akatembea naye taratibu katikati ya wauza vikapu, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kisha akageuka akarudi naye. Katika kurudi, mtu mmoja mwenye koti kuukuu aliinuka, na vikapu vyake vikaporomoka.

"Rusi?" akasema. Halafu akapaza sauti kwa wenzake, "Uyu si Rusi wa mama Eliza? Rusi aliyekufa?"

Tulipanda naye mlimani, juu ya Lemera, safari iliyotuchukua mchana kutwa na ambayo magoti ya nkambo hayakuisahau tena. Baridi ilitupokea njiani, kama Rusi alivyotuonyesha. Tulipokaribia, yeye akaachia mkono wa nkambo akakimbia. Mama Eliza alitoka mlangoni akiinamia fimbo. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Walikuwa wameshamlia mtoto wao, wamekaa matanga, wametawanyika. Alisimama akatazama, fimbo ikamtoka mkononi, na sauti aliyoitoa sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Rusi hakuisikia. Yeye alikuwa anapapasa kichwa cha mama yake kisicho na nywele, anakipapasa na kukunja uso, anauliza kwa mkono mwingine kuna nini, nani amekufa.

Watu wa nyumba ile walitupa maziwa, maharage, na mahali karibu na moto. Walitaka kutushukuru na hawakujua waanzie wapi. Mama Eliza aliketi kando ya nkambo, magoti yao yakigusana, bila kumwachia Rusi.

"Na wenu?" akauliza mwishowe.

"Bado," nkambo akasema. "Nipe mukono wako. Nitakufundisha jina yake."

Asubuhi tulishuka. Mimi nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, kwa sababu nilifikiri Mungu akiona tumemrudisha wa watu atatupa wetu pale pale, chini ya mlima. Nilimwuliza nkambo kama shangazi atakuwa Bwegera tukifika. Hakunidanganya. "Sijui, Adela," akasema. "Ninajua tu kesho kutwa ni soko ya Sange."

Alikwenda Sange. Alikwenda kila mahali magoti yalipokubali, na yalipokataa kabisa, baba alikwenda badala yake, mikono yake ikiwa nje. Alivuka mpaka Usumbura, upande wa Burundi, alifika Bukavu. Baada ya uhuru kulikuwa na miaka ambayo barabara ya bonde haikupitika, na ilipofunguka alikwenda tena. Hatukupata kitu. Hatukupata kikapu, wala kitenge cha buluu, wala mtu aliyemwona kwa hakika baada ya lile ghala la pamba. Sijui kama alipanda lori la Bukavu. Sijui kama alivuka mto. Nimeishi na kutojua huku muda mrefu, na sijawahi kukuzoea.

Nkambo alipokuwa anakufa alituita, akakataza jambo moja: tusije tukaweka msalaba wa Monika kando ya wake. Hatujauweka. Baba naye alipokufa nafasi ile tuliiacha wazi.

Kanisani kwetu, kabla ya misa, tunatoa majina ya kuombewa: kwanza marehemu, halafu wagonjwa, halafu walio safarini. Jina la Monika mimi hulitoa kwa walio safarini. Mwaka huu tumepata padri kijana, mtu wa makini, na Jumapili moja aliniita pembeni.

"Mama Adela," akaniambia kwa upole, "uyu shangazi yako, nimeuliza bazee. Kama angekuwa anaishi, si angekuwa amezeeka sana sana?"

"Ndiyo, padri," nikamjibu. "Kwa hiyo umuombee kwa nguvu. Safari imemuchokesha."